SOMO: Kupaka gari la kikundi rangi wenyewe

Safari hii tuanze na kisa. Mmoja wenu mwenye sauti asome, wengine wasikilize.

Kikundi kimoja cha akina mama wanaouza maziwa kilinunua pikapu, Peugeot 504. Lilikuwa gari kuukuu lakini injini yake ilikuwa nzima. Shida ilikuwa bodi. Kutu ilikuwa imekula milango kwa chini, na boneti ilikuwa imepauka kama majivu. Mtoto wa mwenyekiti, kijana mwenye bidii, aliona aibu kwa niaba ya mama zake. Akachukua mkebe wa rangi ya mafuta uliobaki walipopaka milango ya nyumba, akapaka boneti na milango ya gari kwa brashi. Hakumwambia mtu, na kwa mbali ilionekana vizuri.

Wiki 3 baadaye kikundi kikapata pesa ya kumwita fundi wa spre. Walikuwa wameweka akiba karibu mwaka mzima. Fundi alifika mapema, akapiga msasa juu juu, akafunga magazeti kwenye vioo, akaanza. Ubavu wa nyuma ukang'aa mpaka unajiona sura. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akafika kwenye boneti. Alipopiga mkono wa pili, tukaona rangi inaanza kujikunja mbele ya macho yetu kama utando wa maziwa yaliyochemka. Milango nayo hivyo hivyo. Fundi alisema rangi ni mbovu. Muuza duka akasema fundi ni mbovu. Mweka hazina akaambiwa ameleta fundi wa rahisi ili abaki na kitu. Wanachama 3 wakaacha kuja mkutanoni.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimealikwa kama mgeni. Nilisimama na soda mkononi, sijui la kusema. Diploma yangu ya kazi za jamii haikuwa na ukurasa wowote juu ya rangi.

Simameni hapo. Kosa lilikuwa la nani? Jadilianeni dakika 10 hivi, halafu tuendelee.

CHUMVI NA YAI

Niliyepata kuulizia ni mzee mmoja ambaye amepaka magari tangu ujana wake. Alinikalisha chini ya mti pale gereji yake, akaleta tambara na kopo la thina. Mengi yaliyo katika somo hili ni yake.

Sisi huita karibu kila rangi ya gari "duko". Jina hilo lilitoka Marekani. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ilionyesha magari ya Oakland yaliyopakwa rangi mpya ya DuPont, iliyoitwa Duco. Kabla ya hapo gari lilikaa kiwandani wiki nyingi likingoja rangi ikauke. Duco ilikauka kwa saa chache. Ilikuwa laka ya nitroselulosi, ambayo mafundi wetu huiita "enisii". Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja laka ya akriliki, ambayo inavumilia jua zaidi na haipauki upesi. Viwanda vikubwa vimeiacha kwa magari mapya, lakini kwa mtu anayepaka gari kuukuu bomani, na hasa anayejifunza, bado ina faida zake. Ukienda dukani basi usiseme tu "nipe duko nyeupe". Sema ni laka ya akriliki unayotaka pamoja na thina yake, na usome mkebe kabla ya kulipa.

Sasa, laka inakaukaje? Fikirini chumvi iliyoyeyushwa katika maji. Maji yakienda, chumvi inabaki kwenye sufuria. Mkitia maji tena, chumvi inayeyuka tena. Laka ni hivyo. Thina ikienda na upepo, rangi inabaki kwenye bati, basi. Hakuna kingine kilichotokea. Ukiimwagia thina hata baada ya mwaka, itayeyuka.

Rangi ya mafuta ni kama yai. Yai likiiva halirudi kuwa bichi. Lakini rangi ya mafuta huiva polepole sana. Unaweza kuigusa siku ya pili ukadhani imekauka, kumbe ndani bado ni mbichi kwa wiki nyingi.

Mkiyashika hayo mawili, chumvi na yai, mmelielewa somo karibu lote. Kwa kuwa laka huyeyuka, kila mkono unaopiga unauma kidogo ule wa chini na kushikana nao, mpaka mikono yote inakuwa ngozi moja. Ukikosea, unapiga msasa na kurudia kesho, nayo inakubali. Ndiyo maana naiita rangi ya wanaojifunza. Lakini thina hiyo hiyo ikikutana na yai ambalo halijaiva, inaliuma na kulivimbisha. Hapo ndipo boneti ya akina mama ilipokunjamana, na ubavu ambao kijana hakuugusa ukabaki mzuri. Kijana alificha kutu kwa nia njema, fundi hakuuliza, na hakuna aliyejua kwamba kuna la kuuliza.

KIPIMO CHA TAMBARA

Kipimo chenyewe ni cha senti chache. Chukueni tambara jeupe, lilowesheni kwa thina ya laka, lilazeni juu ya rangi ya zamani kwa dakika moja hivi, kisha msugue. Fanyeni hivyo mahali pasipoonekana, mathalani ndani ya fremu ya mlango, lakini pia mahali popote panapoonekana paliwahi kurekebishwa. Pimeni kila kipande. Boneti ya gari kuukuu mara nyingi ilitoka kwa gari jingine.

Rangi ikihamia kwenye tambara, hiyo ni laka, na laka juu ya laka haina ugomvi. Ikivimba au kujikunja, ni rangi ya mafuta ambayo bado inaumwa. Hapo mna njia mbili: kuikwangua yote mpaka bati, au kuachana na laka na kuendelea na rangi ya mafuta. Isipofanya lolote, ni rangi ya kiwandani iliyookwa au ile ya hadina. Hiyo itakubali laka baada ya msasa mzuri na praima. Madukani kuna kitu wanachoita sila cha kuweka katikati ili kuzuia ugomvi. Mzee wangu alikitumia mara nyingine, ila hakukiamini juu ya rangi ya brashi, na mimi nimemfuata.

KAZI KUBWA NI KABLA YA RANGI

Watu hufikiri kupaka rangi ni ile siku ya spre. Siku hiyo ni moja. Kabla yake kuna siku 4 au 5 za vumbi na maji na mikono kuuma.

Osheni gari kwa sabuni, likauke, kisha lifuteni kwa dawa ya kuondoa nta na grisi. Hii ifanywe kabla ya msasa, wala si baada. Ukianza na msasa, unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na hapo hayatoki tena. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa nyingi zina silikoni. Tone dogo tu litafanya rangi ikimbie na kuacha vijishimo kama macho ya samaki.

Kutu lazima iondoke mpaka muone bati linang'aa. Kupaka juu ya kutu ni sawa na kuezeka nyumba juu ya mbao zenye mchwa. Palipotoboka, chomeni kiraka cha bati. Filla si kiraka. Filla ni ya kusawazisha bonde dogo, unene wa milimita 2 au 3, na huwekwa juu ya chuma kisafi. Ukiijaza kwenye tundu, inanyonya maji kwa nyuma, na msimu wa mvua ujao inaanguka kama mkate.

Msasa wa kwanza kwa filla ni namba 80, kisha 180, kisha 320. Ufungeni kwenye kibao, maana vidole peke yake huchimba mifereji. Palipo na ukingo kati ya rangi ya zamani na bati, endeleeni kusugua mpaka ukingo upotee. Funga macho, weka kiganja juu ya kitambaa laini, ukipitishe. Macho hudanganywa na rangi, kiganja hakidanganywi.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Vumbi la rangi ya magari ya zamani linaweza kuwa na risasi, hasa rangi za manjano na nyekundu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila kelele. Basi popote inapowezekana tumieni msasa wa maji, vumbi liwe matope. Watoto wasiwe hapo, hata kama wanapenda kutazama. Mtu asile wala kunyonyesha kabla ya kunawa na kubadilisha nguo. Matope hayo yasioshwe kuelekea kwenye sukuma wiki.

Bati likiwa wazi, lisigusweni kwa mikono mitupu, jasho la kiganja linatosha kuanzisha kutu. Pigeni praima siku hiyo hiyo. Kwa wasomaji wetu wa Pwani na kando ya ziwa, ningesema saa hiyo hiyo.

Praima ipigwe mikono 2 au 3. Ikikauka, fanyeni ujanja huu ambao uliwafurahisha sana akina mama wale. Pigeni juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, kama vumbi tu. Kisha sugueni kwa msasa wa maji namba 400 juu ya kibao. Palipo na kilima, praima itaisha na bati litatokea. Palipo na bonde, weusi utabaki. Gari lote linakuwa ramani. Jazeni mabonde, sugueni tena, mpaka weusi wote uondoke kwa pamoja. Malizieni kwa namba 600.

SIKU YA SPRE

Chagueni kivuli kilicho wazi pande zote, kama turubai juu ya miti 4. Jua kali moja kwa moja juu ya boneti hukausha rangi kabla haijatandaa. Chumba kilichofungwa hakifai kabisa, nitaeleza kwa nini. Nyunyizeni maji chini ili vumbi lilale. Anzeni kama saa 4 asubuhi umande ukiisha, mmalize saa 8 au 9 mchana. Mvua za masika hazifai. Thina inapokauka upesi hupoza bati, kama vile spiriti inavyopoza mkono wako. Hewa ikiwa na unyevu, maji huganda juu ya rangi na kuifanya nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Wa Kinangop na Limuru watayaona hayo wakati wa ukungu, wa Mombasa karibu wakati wowote. Ikitokea, msilie. Ngojeni jua, kisha pigeni mkono mwepesi wa thina ya kukauka polepole, mara nyingi weupe huondoka.

Kama hamjawahi kushika bunduki ya spre, msichague rangi yenye chembe za kung'aa. Chagueni rangi tupu, nyeupe au krimu. Nunueni yote siku moja na kuimimina pamoja kwenye ndoo moja ya chuma, kwa sababu mikebe miwili ya jina moja inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo mtaiona katikati ya mlango.

Mchanganyiko wa kawaida ni kikombe 1 cha laka kwa kikombe 1 na nusu cha thina. Maandishi ya mkebe yakisema tofauti, fuateni mkebe. Chujeni kwa soksi ndefu ya nailoni iliyo safi. Mwageni maji yaliyo ndani ya tangi la kompresa kabla ya kuanza, yasije yakatoka na rangi. Presha iwe kama 40 kwa kipimo cha paundi.

Fanyeni mazoezi kwanza kwenye pipa au bati kuukuu. Kila mtu ajaribu, kisha mchague mwenye mkono mtulivu. Katika kikundi kile hakuwa kijana yeyote, alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Bunduki ikae shubiri moja kutoka kwenye bati. Mkono wote usogee pamoja na mwili, usipinde kifundo kama mtu anayepunga kwaheri. Anza kusogea kabla ya kufyatua, achia kabla ya kusimama. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi, bati lionekane kidogo. Ngojeni dakika 10 au 15. Kisha mikono 5 au 6 iliyolowa vizuri, na kungoja kila mara. Kama mnataka kujua imekauka, guseni karatasi ya kufunikia, msiguse gari.

Makosa yatatokea. Ukisogea karibu mno rangi inatiririka. Ukiwa mbali mno inafika imekauka, inakuwa kama mchanga. Ikitandaa vibaya inafanana na ganda la chungwa. Yote haya ni ya kesho: msasa wa maji, kisha mkono mwingine. Anayeharibu kazi ni yule anayejaribu kurekebisha papo hapo kwa kidole.

LITA 6 ZIMEKWENDA WAPI?

Turudi kwenye hesabu ya chumvi. Pikapu ndogo humeza kama lita 4 za laka. Kwa kipimo kile mtaongeza lita 6 za thina, bila kuhesabu ya kuoshea bunduki. Jioni gari limekauka. Lita 6 ziko wapi?

Zimeingia hewani, katika boma lenu.

Kuna kijana wa kikundi kingine, mwenye bidii kama yule wa kwanza, aliyeona vumbi la barabara linamharibia kazi. Akaliingiza gari la mjomba wake kwenye ghala la mahindi, akafunga mlango. Mama yake alimkuta amelala kizingitini, nusu ndani nusu nje. Alipona, tunashukuru, ila kichwa kilimuuma wiki nzima. Nilipomtembelea aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kabla ya kuanguka alijisikia vizuri sana, alikuwa akicheka peke yake. Mara nyingi thina za laka huwa na toluini, ndiyo kemikali iliyo katika gundi nyingi wanazonusa watoto wa mitaani. Mwili haumwambii mtu "toka". Humwambia "kaa".

Kwa hivyo kazi ifanywe nje. Upepo umpige mpakaji mgongoni au ubavuni, usimrudishie rangi usoni. Barakoa ya kitambaa, ile tuliyovaa mwaka 2020 wakati wa korona, inazuia matone ya rangi kidogo, lakini mvuke unapita kama mlango wazi. Kinachofaa ni kinyago cha mpira chenye vichujio vya makaa vilivyoandikwa kuwa ni vya mvuke wa thina. Nunueni kimoja kwa kikundi na kiwe mali ya kikundi, kama jembe. Ukianza kusikia harufu ukiwa umekivaa, vichujio vimekwisha au kinyago hakikukaa vizuri.

Na maziwa? Najua. Katika gereji nyingi nilizoingia nimeona pakiti ya maziwa, ati inasafisha kifua. Akina mama wale wa maziwa walifurahi kusikia biashara hiyo ipo! Lakini maziwa huenda tumboni na mvuke huenda mapafuni, hawakutani. Nyweni maziwa kwa kuwa ni chakula. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa siku ya spre, hata kama boma ni lao.

Sasa ile rangi ya hadina, wengine huiita tu-paki. Ni rangi ngumu, inang'aa bila kusuguliwa, na fundi mwingine atawaambia mnapoteza wakati na laka. Anasema kweli kuhusu ugumu. Lakini hadina yake ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo humpa mtu pumu, na mtu akishapata pumu hiyo, hata harufu kidogo tu inaweza kumrudishia. Wanaoipiga wanatakiwa kuvuta hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Sisi hatuna vifaa hivyo, basi hiyo tusiiguse nyumbani. Msichanganye na hadina ndogo ya filla, ile ni kitu kingine.

Moto. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hauruki juu kama moshi. Unatambaa chini kama maji, unaenda kutafuta jiko la jirani. Siku ya spre hakuna jiko linalowashwa karibu, hakuna sigara, hakuna kuchomelea. Kompresa ikae mbali, upande upepo unakotoka. Ndoo mbili za mchanga ziwe tayari, kwa kuwa maji yanaweza kutawanya moto wa thina. Chai ya wafanyakazi ipikwe mapema na kuwekwa kwenye thamosi.

Na jambo ambalo nimeliona katika nyumba za watu makini kabisa: thina iliyobaki inawekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi. Ibaki kwenye mkebe wake, imefungwa, juu, mbali. Mtoto akimeza, msimtapishe, kwa maana inaweza kuingia mapafuni wakati wa kutapika. Mkimbizeni hospitalini pamoja na mkebe. Mikono yenye rangi isafisheni kwa mafuta ya kupikia na baadaye sabuni, si kwa thina.

KUSUGUA MPAKA ING'AE

Laka ikitoka kwenye bunduki huwa haing'ai sana. Wengi hukata tamaa hapo. Mng'ao wake huletwa na mikono. Acheni gari siku kadhaa, wiki moja ni bora. Kisha msasa wa maji namba 1200 au 1500 na sabuni kidogo, kwa upole, halafu kompaundi na kitambaa safi. Muwe waangalifu kwenye kona na mikunjo ya bati, rangi huko ni nyembamba na mtaitoboa. Nta isipakwe kwa mwezi mmoja au miwili, thina ya mwisho bado inatoka.

Kazi hii inafaa sana kikundi. Akina mama 8 walimaliza pikapu yao alasiri moja wakiimba. Na mkijaza tangi, petroli ikimwagika ubavuni ifuteni hapo hapo. Kumbukeni chumvi.

JE, INAFAA?

Mkiuliza maoni yangu, si kila mara. Kama ni milango tu iliyoharibika, pakeni milango tu. Kama gari linabeba mawe, rangi ya mafuta ya brashi kwenye karai lake la nyuma inatosha, muache laka kwa kichwa cha gari. Na msiseme kazi yenu ni ya bure. Siku 10 ambazo gari halipeleki maziwa ni pesa, ziandikeni kwenye daftari kama gharama, pamoja na kukodi kompresa, msasa, kinyago na thina. Kisha mlinganishe na bei ya fundi mzuri. Msimlinganishe na fundi wa bei ya chini.

Jambo moja la karatasi. Rangi ya gari imeandikwa katika kumbukumbu za usajili. Mkibadilisha rangi ni lazima kuarifu NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, la sivyo mtasimamishwa barabarani mkionekana kama mna gari la wizi. Rahisi zaidi ni kurudia rangi ile ile. Pia maandishi yanayotakiwa kwenye gari la mizigo yaandikwe upya kabla halijarudi kazini.

Kikundi kile kiliikwangua boneti na milango kwa mikono, ikawachukua wiki mbili za jioni. Yule kijana alifanya kazi kuliko wote. Wawili kati ya wale waliokuwa wameacha mkutano walirudi, mmoja hakurudi mpaka leo. Kwenye mlango wa kushoto kuna mahali rangi ilitiririka, nao wamekataa kupasugua. Wanasema hapo ndipo mkono wa mwenyekiti ulipoisha zamu.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kisa cha mwanzo, ni nani alikuwa na habari ambayo wengine waliihitaji, na ni nini kilimzuia kuisema? Katika kikundi chetu, mwanachama akifanya kosa kwa mali ya wote, anaweza kulisema mkutanoni bila kuogopa? Tukipiga spre katika boma hili, upepo wa mchana unaelekea kwa nani, na je, tumemwambia?